Alishajibiwa kabla hajauliza

"Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia." Katika kazi yangu ya ushauri nasaha, maneno haya nayasikia mara kwa mara, wakati mwingine miaka 10 au 15 baada ya mtu kubakwa. Ndugu wakija kujua, huuliza kwa uchungu: kwa nini alituficha? Huwa nawaambia kwamba pengine alijaribu.

Manusura wengi hawaanzi na habari yenyewe. Husoma upepo kwanza. Binti mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alikuwa amekaa na mama yake wakati taarifa ya habari ilipotaja msichana aliyebakwa. Akamtazama mama, akisubiri. Mama, akiendelea kukunja nguo, akasema, "Na yeye usiku wote ule alifuata nini huko?" Kwa mama, hayo yalikuwa maneno juu ya mtu baki. Binti akaenda kulala, akanyamaza miaka 9.

Mara nyingi pia aliyemtendea ukatili ni mtu wa karibu: mjomba, mchumba, rafiki wa kaka. Hapo manusura hupiga hesabu ndefu. Baba atapandwa na presha? Kaka atachukua panga, aishie jela? Wapo wanaonyamaza ili kuwakinga wale wale wanaolalamika kufichwa. Wanaume nao huogopa kuambiwa kwamba mwanamume habakwi.

Swali ninalolichukia kuliko yote ni "Mbona hukupiga kelele?" Mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda, viungo visitii, sauti isitoke, na hilo halina hiari. Asiyelijua hujihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa. Kumbukumbu nazo huweza kuja vipande vipande: analiona pazia vizuri kabisa, lakini saa haikumbuki. Anahofia kwamba akiulizwa atajichanganya, aonekane mwongo.

Wakati huo muda unakwenda. Dawa za kukinga VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, na zile za kuzuia mimba kwa dharura ndani ya siku 5; zote mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo mtu akikusimulia, kumjibu "Pole, nakuamini, ungependa tufanye nini?" kunatosha kwa kuanzia. Upelelezi si kazi yako.

Yule binti hatimaye alimleta mama yake kwangu. Mama hakukumbuka kabisa kuyasema maneno yale. Binti alikumbuka hata shati lililokuwa mikononi mwa mama.