Msimamizi wa Mashirika ya Hisani Yupo Tayari

Kila mchango wa mgonjwa au wa madrasa unapopotelea mikononi mwa waandalizi, wateja hunijia na kauli ileile: mashirika ya hisani nchini Kenya hayana msimamizi, kwa hiyo serikali iunde chombo kipya kilicho huru. Nimeisikia Likoni na Kisauni, na nimeisikia pia kwa mawakili wenzangu, ambao hawana udhuru wa kutojua.

Chombo hicho kimekwisha kuundwa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitungwa mwaka 2013, ikawekwa kando kwa miaka 11, na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ambapo mamlaka mpya ya usimamizi ilichukua nafasi ya bodi iliyoanzishwa chini ya sheria ya 1990. Sheria hiyo imeweka pia baraza maalumu la kusikiliza migogoro, na asiyeridhika na uamuzi wa baraza anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Anayedai chombo kingine leo anatutaka tuanze upya safari iliyotuchukua zaidi ya mwongo mmoja, na katika muda huo wote walaji wa michango hawatakuwa wamelala.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Kikundi cha kina mama husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022, kanisa au chama cha kuzikana huenda kwa Msajili wa Vyama, na wengine huchagua amana (trust) au kampuni isiyo na hisa, kila mmoja akiwa na faili lake katika ofisi tofauti. Mfadhili anayetaka kujua kama kikundi ni halali hana daftari moja la kulitazama. Kuunganisha madaftari hayo na kuyaweka wazi kwa umma ni kazi inayoweza kufanywa na ofisi zilizopo, wala haihitaji mkurugenzi mpya, magari mapya na jengo jipya Nairobi.

Tena, chombo cha aina yoyote husoma kile kinacholetwa mbele yake. Mafaili ninayoletewa mara nyingi yana cheti kilichokwisha muda, risiti zisizo na nambari, na taarifa ya M-Pesa ya simu ya mweka hazina ambamo fedha za kisima zimechanganyika na karo ya mwanawe. Ndiyo maana humwambia kila mteja, hata asiponiuliza, kwamba mchango usipokelewe kamwe kwa simu ya mtu binafsi, kwamba akaunti iwe na watia saini wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, na kwamba hesabu za mwaka zibandikwe ukutani mahali wanachama wanapokutana. Kikundi kisichoweza kufanya hayo matatu hakina haki ya kuomba hata shilingi moja ya mtu.

Kuhusu uhuru, watu hudhani kwamba ukiandikwa katika jina la chombo umepatikana. Mwaka 2015 akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Pwani, MUHURI na Haki Africa, zilifungwa kwa madai ya uhusiano na ugaidi, na iliyoamuru zifunguliwe ni Mahakama Kuu ya Mombasa. Kinga yao ilikuwa haki ya kusikilizwa na jaji, na haki hiyo ndiyo ninayotaka ilindwe kwa wivu katika kanuni zozote zitakazotungwa.

Wengine hutaja tume ya mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales, iliyoundwa mwaka 1853, kana kwamba imemaliza wizi. Haikuumaliza. Kinachofaa kuigwa kwake ni daftari la wazi linalomwezesha mtu yeyote kusoma hesabu za shirika bila kuomba ruhusa.

Usajili haukupi msamaha wa kodi papo hapo. Msamaha huombwa kwa Mamlaka ya Mapato, kwa ushahidi.

Na wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa ajili ya dini au hisani katika Uislamu, si mali isiyo na mwangalizi. Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa, na sheria yake ya zamani ilifuatwa na nyingine mwaka 2022. Mwenye malalamiko kuhusu kodi ya nyumba ya wakfu Mji wa Kale aanzie huko, akiwa na nakala ya hati ya wakfu mkononi.