Erasmus maana yake nini?

Kila ikifika Oktoba, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nataka kuomba Erasmus, naanzia wapi?" Nami hujibu kwa swali: Erasmus ipi? Neno hili limebeba mambo mawili, na sisi wa huku tunapolitamka huwa tunawaza lile ambalo mwanafunzi wa Ulaya halimjii kwanza. Kwetu Erasmus ni ufadhili wa shahada ya uzamili. Kwa kijana wa Lisbon, Kraków au Leipzig, Erasmus ni muhula mmoja, pengine miwili, anaokwenda kusoma katika chuo cha nchi nyingine kisha anarudi kumalizia pale alipoanzia. Tuanze na hiyo ya kwao, maana ndiyo mama. Ya kwetu nitaifikia.

Ilivyo ni kwamba mwanachuo hahami. Jina lake linabaki kwenye daftari la chuo chake, ada kama ipo analipa kwao, na cheti atapewa kwao. Chuo mwenyeji hakimtozi ada ya masomo. Anakaa huko miezi isiyopungua miwili na isiyozidi 12, anafanya mitihani pamoja na wenyeji, na alama alizopata anarudi nazo zikahesabiwe kana kwamba alizipata darasani kwao. Hilo la mwisho ndilo lenyewe hasa. Bila hilo, aliyekwenda Granada miezi mitano atakuwa amekwenda kutembea tu, na akirudi ataambiwa yuko nyuma muhula mzima.

Jambo hili lilianza na mtu aliyeambiwa hivyo hivyo. Mwaka 1958 mwanafunzi wa sheria wa Roma, Sofia Corradi, alirudi Italia kutoka Marekani, ambako alisoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili wa Fulbright na kupata shahada. Akaenda chuoni kwake La Sapienza kuomba masomo yale yahesabiwe. Akakataliwa. Ya Columbia yalikuwa ya Columbia. Corradi alikasirika, na hasira yake haikuwa ya wiki moja: kuanzia 1969 alikuwa akiandika mapendekezo, akiwafuata wakuu wa vyuo na wanasiasa, akidai kitu kimoja kisicho na mvuto wowote gazetini, kwamba kozi aliyosoma mtu ugenini itambuliwe nyumbani. Baadaye Wataliano walimwita Mama Erasmus, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Carlos V kule Hispania. Kutoka siku aliyokataliwa mpaka programu ilipoanza ilipita miaka 29.

Programu yenyewe ilipitishwa Juni 1987, wakati Mhispania Manuel Marín akiwa kamishna wa elimu wa Jumuiya ya Ulaya. Mwaka wa kwanza waliondoka wanafunzi 3,244 wa nchi 11. Leo walioshiriki tangu wakati huo wamepita milioni 15, ingawa hesabu hiyo imechanganya walimu, wanagenzi na vijana wa kujitolea, kwa sababu mwaka 2014 programu kadhaa ziliunganishwa zikaitwa Erasmus+, yenye alama ya kujumlisha mwishoni. Bajeti ya 2021 hadi 2027 ni kama euro bilioni 26.

Jina lenyewe ni mchezo wa herufi. Kwa Kiingereza herufi hizo ni kifupi cha jina refu la kiserikali ambalo hakuna anayelikumbuka, lakini walilipanga ili litoke jina la Erasmus wa Rotterdam, msomi aliyezaliwa miaka ya 1460 na hakutulia mahali: Paris, Cambridge, Leuven, Venice, Turin alikopata udaktari mwaka 1506, hadi Basel alikofia mwaka 1536. Yeye alikuwa na bahati moja. Popote alipokwenda, wasomi wote waliandika na kufundisha kwa Kilatini.

Sasa hiyo "kuhesabiwa" inafanyikaje? Hapa pana chombo kinaitwa ECTS, kilichoanza kutumika 1989. Ni kipimo cha uzito wa kozi. Mwaka mzima wa masomo una krediti 60, muhula 30, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha kukaa darasani, kusoma peke yako na kuandaa mtihani. Italia wanapiga saa 25, Ujerumani 30. Ukitaka ugomvi unaweza kusema krediti ya Mtaliano ni nyepesi. Hakuna anayegombana, kwa sababu mapatano ni kwamba krediti ni krediti. Mfumo mzima umesimama juu ya kuaminiana huko.

Aliyesoma Tanzania atazoea haraka, kwani sisi pia tuna krediti, ila yetu ni ya saa 10 na mwaka una 120. Mwaka kwa mwaka, mbili zetu ni moja yao.

Tuseme binti anasoma mambo ya Afrika Leipzig, na Kiswahili kimo, na anataka kwenda Napoli, kwenye chuo cha L'Orientale ambako Kiswahili hufundishwa pia. Kabla ya kufunga begi anajaza mkataba wa masomo: upande mmoja kozi atakazosoma Napoli na krediti zake, upande wa pili kozi za Leipzig ambazo hizo zitazifidia. Unasainiwa na watatu: yeye, chuo chake na chuo mwenyeji. Karatasi hii ndiyo roho ya muhula. Akifaulu kilichoandikwa humo, chuo chake hakina njia ya kumgeuka.

Amesaini Juni. Oktoba anafika Napoli, anakuta kozi moja imehamishiwa muhula wa pili na mbili nyingine ziko Jumanne saa ile ile. Hilo ni la kawaida kabisa, halina haja ya kulia. Mkataba una sehemu ya mabadiliko, inayojazwa wiki za mwanzo na kusainiwa upya na wale wale watatu. Wanaolia ni wale waliobadilisha kozi kwa mdomo, mwalimu akaitikia kwa kichwa, wakasahau karatasi.

Januari mitihani inaanza. Italia mitihani mingi ni ya kuongea: unakaa mbele ya mwalimu, wenzako wakisubiri zamu nyuma yako na kusikia kila unapobabaika. Alama ni juu ya 30, kufaulu ni 18, na anayeng'ara sana hupewa 30 na sifa juu yake. Binti wetu anapata 24. Mwalimu anamuuliza: unaikubali? Anadhani amesikia vibaya. Hakusikia vibaya. Kule mwanafunzi ana desturi ya kuikataa alama na kurudi duru nyingine. Kwetu, ambako mtu akinusurika sapu anashukuru Mungu na kutoka mbio kabla hawajabadili mawazo, hili ni la kusimulia wajukuu.

Kukubali au kukataa kuna hesabu yake, maana alama ya Italia haiendi Ujerumani kama ilivyo. Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Vyuo vingi vya huko hutumia kanuni hii: chukua alama ya juu kabisa, toa uliyopata, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kwa 24: 30 kutoa 24 ni 6, gawa kwa 12 ni nusu, mara 3 ni 1.5, ongeza 1 unapata 2.5. Akirudi duru ya pili akapata 27, anaondoka na 1.75. Ndiyo maana utawakuta wanafunzi wa Erasmus mwezi Februari wamekaa jikoni na kikokotoo, kahawa inachemka.

Kuhusu hela, watu hudhani Erasmus inalipa kila kitu. Hailipi. Inatoa posho ya mwezi ya kusaidia tofauti ya maisha, kubwa zaidi kwa anayekwenda nchi ya gharama kama Denmark, ndogo kwa anayekwenda nchi nafuu. Sehemu kubwa hutolewa mwanzoni, na salio mara nyingi hungoja mpaka urudi na makaratasi yako. Aliyewahi kusubiri bumu, yaani pesa za kujikimu za mkopo wa chuo, anaelewa maana ya neno salio. Katika miji mingi posho inaishia kwenye kodi ya chumba, na chakula kinatoka mfukoni kwa wazazi au kwenye kazi ya kuhudumia mezani. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wa daktari hawaendi Erasmus ile ile, hata kama fomu ni moja. Sasa kuna nyongeza ya euro 250 kwa mwezi kwa wanaotoka katika hali ngumu. Ni kitu, lakini naiona imechelewa sana kuja.

Maisha yenyewe yana sura yake. Karibu kila mji wa chuo una tawi la ESN, mtandao wa wanafunzi ulioanza 1989, ambao humpa mgeni mwenyeji wa kumpokea, kumwonyesha ofisi, kumsaidia kutafuta chumba. Kisha kinatokea kitu ambacho hakijaandikwa kwenye fomu: wageni wanaishia kuwa marafiki wa wageni. Mpolandi, Mreno na Mfini wanakaa nyumba moja Napoli, wanaongea Kiingereza kibovu asubuhi mpaka usiku, na Kitaliano kinabaki cha kuagizia chakula. Kisiwa kizuri, ila kisiwa. Wanaotoka na lugha ni wale waliokubali kuonekana wajinga mapema, wakajiunga na timu ya mpira ya mtaani au kupanga na wenyeji. Na hao hao ndio hupata upweke mkali zaidi mwezi Novemba, mvua zikianza na wenyeji wakirudi kwao kila wikendi kula kwa mama.

Mapenzi nayo yamo. Mwaka 2014 Kamisheni ya Ulaya ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 27 ya waliowahi kwenda walikutana huko na mwenza wao wa muda mrefu, na ikakadiria kuwa watoto milioni moja walikuwa wamezaliwa kwa wapenzi wa Erasmus tangu 1987. Serikali chache hujivunia hadharani jambo la namna hiyo.

Nani anaruhusiwa? Kinachoangaliwa ni chuo ulichosajiliwa, si pasipoti yako. Nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zimo, pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein, Uturuki, Serbia na Macedonia Kaskazini. Uingereza ilitoka pamoja na kujitoa kwake katika Umoja, ikaanzisha mwaka 2021 mpango wake yenyewe wa kupeleka wanafunzi nje, uitwao Turing. Na kwa kuwa kinachoangaliwa ni chuo, Mkenya anayesoma shahada Poland anaweza kuomba muhula wa Ureno sawa na Mpolandi. Tofauti inaanzia kwenye kibali. Mpolandi anapanda ndege na kitambulisho na kadi yake ya bima ya afya. Mkenya, akiwa na kibali cha mwanafunzi cha nchi moja ya Umoja, anaweza kusoma nchi nyingine hadi siku 360 chini ya programu kama hii, lakini kuna taarifa za kupeleka na nyaraka za kusubiri, na Denmark na Ireland hazimo katika utaratibu huo.

Sasa ile ya kwetu. Erasmus Mundus ilianza 2004: shahada ya uzamili inayoendeshwa na vyuo vya nchi mbalimbali kwa pamoja, mwanafunzi akisoma katika nchi zisizopungua mbili. Anayepata ufadhili halipi ada, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Iko wazi kwa dunia nzima. Hii siyo muhula wa kwenda na kurudi, ni shahada kamili ya huko, ila kanuni iliyo ndani ni ile ile aliyodai Corradi: ulichosoma chuo cha kwanza, cha pili hakiulizi mara mbili.

Na ipo ya tatu, ambayo wengi hawaijui. Tangu 2015 vyuo vya Ulaya vinaweza kuwa na mapatano ya muhula na vyuo vya nje ya Ulaya, vya Afrika vikiwemo. Mwanafunzi wa huku anakwenda miezi michache, anarudi na krediti zake. Nafasi hutegemea chuo chako kina mkataba na chuo gani, na kwa idara gani.

Wazee wetu walikuwa na kitu cha kukaribiana na hicho. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja cha Afrika Mashariki: mtaka udaktari akipanda Kampala, mhandisi Nairobi, mwanasheria Dar es Salaam. Lakini hao walikwenda kwa shahada nzima. Erasmus ya kweli ya kwetu ingekuwa mwanafunzi wa sheria wa Dar kusoma muhula mmoja Nairobi, akafaulu, na akirudi asiambiwe arudie. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na tangazo hilo ndipo lilipolenga.

Kwa hiyo anayeniandikia Oktoba namuuliza kwanza yuko mwaka gani. Kama amemaliza shahada ya kwanza, namtuma kwenye orodha ya kozi za Erasmus Mundus. Kama yuko mwaka wa pili, namtuma ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake akaulize wana mkataba na nani. Na kama upo, swali la kuuliza kabla ya tiketi, kabla hata ya posho, ni hili: nikirudi, kozi hizi mtaziandika wapi kwenye matokeo yangu? Wakijibu, waombe waandike na kusaini.