Gesi ndogo inayoukinga mmea: maswali na majibu

Nitriki oksaidi ni nini, na inahusianaje na ugonjwa wa mmea?

Ni gesi yenye atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Mwilini mwetu hulegeza mishipa ya damu, na waliogundua hilo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kuwa mimea nayo huitumia kujikinga: bakteria au kuvu wakivamia jani, seli za pale huitoa kwa wingi.

Inaua vimelea?

Kazi yake kubwa ni kupeleka taarifa. Ikishirikiana na haidrojeni peroksaidi, huzifanya seli zilizovamiwa zijiue, na vimelea vinavyotegemea seli hai vikakosa chakula. Kwa hiyo vidoa vidogo vilivyokauka kwenye jani la kijani si lazima viwe ugonjwa unaosambaa. Huenda ni kinga imeshafanya kazi yake.

Protini zinaingiaje hapo?

Protini nyingi zina sisteini, asidi amino yenye salfa. Gesi hii hunata kwenye salfa hiyo, na protini ikabadili umbo au utendaji wake bila jeni kuguswa. Gesi iliyonata hivyo ni kama alama kwenye protini, na alama hiyo hubanduka pia, ndiyo maana mmea unaweza kuwasha na kuzima kinga haraka.

Chukua RBOHD, kimeng'enya kinachochochea utengenezaji wa ile peroksaidi. Alama zikizidi, sisteini yake namba 890 hushikwa na nguvu zake hupungua. Yaani gesi iliyochochea kifo cha seli ndiyo hiyohiyo inayokizuia kisienee jani zima. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Basi gesi ikiwa nyingi, kinga ni bora zaidi?

La. Mmea wa maabara uitwao Arabidopsis ukikosa kimeng'enya cha GSNOR, ambacho huvunja akiba ya gesi hii iliyobebwa na glutathioni (molekuli ndogo iliyomo kwenye seli), alama hurundikana kwenye protini zake. Matokeo yake huugua kirahisi kuliko mwenzake mwenye kimeng'enya hicho.

Nikiongeza mbolea ya naitrojeni, mmea utajikinga vizuri zaidi?

Usitegemee hivyo. Ni kweli mmea hutengeneza sehemu ya gesi hii kutokana na nitrati, lakini naitrojeni ikizidi, majani huwa teketeke na magonjwa kama ubwiri unga hushamiri.