Hadithi fupi ya kusikilizwa: ni simulizi au andishi?

Mtu akichomeka hedifoni akasikiliza hadithi fupi iliyoandikwa mwaka 1894, anachosikia ni fasihi simulizi au fasihi andishi? Wengi hujibu upesi kwamba ni simulizi, kwa kuwa imetoka mdomoni ikaingia sikioni. Wamekosea.

Hadithi fupi ya kusikilizwa ni maandishi yaliyosomwa kwa sauti na kurekodiwa, neno kwa neno. Fanani, yaani mtambaji wa ngano, ana hadhira mbele yake. Akisema "Paukwa!" anaitikiwa "Pakawa!", na akiona watoto wameanza kusinzia ataongeza wimbo, au atamleta fisi kabla ya wakati wake. Msomaji wa hadithi iliyoandikwa hana ruhusa hiyo. Maneno yalishafungwa na mwandishi zamani. Kilichobaki mikononi mwake ni kasi, pumzi na kimya.

Hicho kilichobaki si kidogo. Kate Chopin, mwandishi wa Marekani, ana hadithi iitwayo "The Story of an Hour", iliyotoka katika jarida la Vogue Desemba 1894. Ukiisikiliza, inaisha chai haijapoa. Bibi Mallard, mgonjwa wa moyo, anaambiwa kwa tahadhari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Analia, kisha anajifungia chumbani na kuketi akitazama dirisha lililo wazi, na huko neno linamponyoka kwa mnong'ono: huru, huru, huru. Anaposhuka ngazi, mlango unafunguliwa na mume anaingia mzima. Hata habari za ajali hana. Madaktari wanapofika wanasema mke amekufa kwa moyo, kwa furaha inayoua.

Kwenye ukurasa, kauli hiyo ya madaktari imetulia tu, nawe ndiye unayeamua kama ni kejeli. Sikioni, msomaji ameshakuamulia. Akiisoma kikavu, kama cheti cha kifo, kejeli inajitokeza yenyewe. Akilivuta neno "furaha" kwa kebehi, ameshakukonyeza, na utamu umepotea. Mimi namtaka yule wa kwanza.

Kwa hiyo katika hadithi ya kusikilizwa kuna watu watatu, na ni vizuri kutowachanganya: mwandishi aliyeitunga, msimulizi aliyemo ndani yake, na msomaji unayemsikia. Wanachanganyika zaidi pale msimulizi anaposema "mimi". Katika "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, ya 1892, anayesema "mimi" ni mwanamke aliyewekwa chumbani apumzike, ambaye taratibu anaanza kumwona mwanamke mwingine nyuma ya michoro ya karatasi ya ukutani. Msomaji akianza na sauti ya kichaa tangu sentensi ya kwanza, ameiharibu hadithi: hana tena pa kupanda.

Sikio nalo lina udhaifu wake. Halirudi nyuma kwa urahisi, na ukisikiliza hadithi ya Chekhov, mwandishi wa Urusi, mtu yuleyule anaitwa mara kwa jina lake na la baba yake, mara kwa jina la ukoo, hadi unadhani chumba kimejaa wageni.

Mbona hadithi za miaka hiyo ndizo zinazosomwa sana? Moja, urefu. Majarida ya wakati ule yalitaka kisa kinachokamilika katika toleo moja. Ndivyo visa vifupi vya mpelelezi Sherlock Holmes vilivyoanza katika jarida la Strand la London Julai 1891. Pili, sheria. Kenya na Tanzania, hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Maupassant, mwandishi wa Ufaransa, alifariki 1893, Chekhov na Chopin 1904. Kazi zao ni mali ya umma, na ndiyo maana LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza 2005, unaweza kuzirekodi bila kumwomba mtu ruhusa.

Ila angalia hapa: tafsiri ina mwenyewe. Maupassant yuko huru, lakini aliyemtafsiri juzi kwa Kiswahili ana haki zake juu ya tafsiri hiyo. Anayetaka kumrekodi kwa Kiswahili atamtafuta mtafsiri huyo waelewane, au aketi na Kifaransa chake aanze upya.