Mwani wa kijani unaofanana: namna ya kuutenganisha na kuuandikia jina sahihi

Majani mawili ya mwani yaliyong'olewa kwenye mwamba mmoja, yote mapana, yote ya kijani kibichi, yote membamba kama karatasi, yanaweza kuwa spishi mbili tofauti. Jani pana na mrija mwembamba, ambavyo kwa macho havina undugu wowote, vinaweza kuwa spishi moja. Umbo la nje la mwani wa kijani hufuata mwanga, chumvi ya maji, nguvu ya mawimbi na umri, ilhali alama zinazotenganisha spishi zimekaa ndani ya seli na ndani ya DNA.

Kwa sababu hiyo, jina la mwani liandikwe kwa kadiri ya ushahidi ulio mkononi. Mara nyingi aliyetazama kwa macho matupu anaweza kuandika jenasi tu, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Aliyekata kwa wembe na kutazama kwa hadubini anaweza kukaribia spishi. Katika baadhi ya makundi, spishi haiandikwi kwa uhakika bila DNA. Anayeruka hatua hizi huacha jina la kubahatisha kwenye orodha, na jina likishaingia kwenye orodha watu wengine hulinakili wakidhani lilihakikiwa.

Sampuli

Makosa mengi huanzia ufukweni, kabla hadubini haijaguswa. Kipande kilichokatwa katikati ya jani hakina kitako, na kitako hubeba alama nyingi. Bandua mwani mzima kwa kisu butu, pamoja na sehemu inayong'ang'ania mwamba au mchanga. Chukua vielelezo vitano hadi kumi vya kundi hilohilo, vidogo kwa vikubwa, maana kimoja peke yake hakionyeshi jinsi spishi inavyobadilika kadiri inavyokua.

Andika papo hapo, kwa penseli, kwenye karatasi isiyoharibika ikilowa: tarehe, mahali, kina cha maji, mwani ulishika nini (mwamba, kamba, kombe, mchanga), rangi yake ukiwa mbichi, na jinsi unavyohisika kati ya vidole. Wino huyeyuka, rangi hufifia, na ulaini haurudi ukishakauka. Piga picha ukiweka rula pembeni.

Kisha gawa sampuli mafungu matatu yenye namba moja. La kwanza litandaze juu ya karatasi nene ndani ya sinia la maji ya bahari, liinue taratibu, lifunike kwa kitambaa chepesi na uligandamize kati ya magazeti, ukibadilisha magazeti kila siku hadi likauke. La pili ni kipande safi cha sentimita 1 au 2, kisicho na viumbe vilivyojishikiza juu yake. Kifute maji, kitie kwenye mfuko wenye chembe za silika, zinazofyonza unyevu, zenye uzito usiopungua mara kumi ya uzito wake, na kihifadhi kwa ajili ya DNA. Fungu la tatu litie kwenye formalini ya asilimia 4 iliyochanganywa na maji ya bahari, kwa kazi ya hadubini.

Formalini ni sumu: vaa glavu na miwani, na fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha. Tena huharibu DNA, kwa hiyo anayeitumbukiza sampuli yote humo anajinyima kipimo cha mwisho. Mwani wenye chokaa, kama Halimeda, unahitaji formalini iliyotiwa boraksi, la sivyo asidi yake italila chokaa polepole.

Ulva na jamaa zake

Ulva ni jenasi ya mwani wa kijani wa majani na mirija, na hapa ndipo pagumu kuliko pote. Swali la kwanza ni idadi ya matabaka ya seli. Jani la Ulva lina matabaka mawili yaliyogandamana. Jani la Monostroma, jenasi nyingine inayofanana nayo, lina tabaka moja. Ulva intestinalis na nyinginezo za aina yake ni mirija ambayo ukuta wake ni tabaka moja. Vidole hutoa dokezo: Ulva huwa kavukavu kidogo na hujishikilia, Monostroma ni laini mno na hujikunyata ikitolewa majini. Lakini dokezo halitoshi, lazima ukate.

Weka kipande cha milimita 5 kwa 10 juu ya slaidi yenye tone la maji. Kifunike kwa slaidi ya pili ukiacha ukingo mwembamba unachungulia, kisha kata ukingo huo kwa wembe mpya. Irudishe slaidi ya juu nyuma kidogo, kata tena, na uendelee hivyo. Vipande vingi vitatoka vinene. Tafuta vile vyembamba vilivyolala ubavu, anza kuvitazama kwa ukuzaji wa mara 100, halafu mara 400. Wembe uliochakaa hukamua seli badala ya kuzikata, na seli zilizokamuliwa hutoa vipimo vya uongo.

Kuna mitego mitatu ambayo hata wazoefu hunaswa nayo. Jani la Monostroma lililojikunja huonekana kama lina matabaka mawili; fuata kipande hadi mwisho wake uone kama kuna mkunjo. Mrija uliobonyea nao huonekana kama jani la matabaka mawili, ila katikati yake kuna upenyo. Ukiwa mbichi, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: kuta za mrija huteleza moja juu ya nyingine, na mara nyingi kiputo cha hewa hukimbia ndani, jambo ambalo jani la Ulva haliwezi kufanya. Mtego wa tatu ni Ulva linza, ambayo ni bapa na imeshikana katikati lakini ina uwazi kwenye kingo na kwenye shina. Aliyekata katikati peke yake ataiita jani la kawaida. Kata basi kutoka ukingo hadi ukingo, na ufanye hivyo kitakoni, katikati na juu.

Baada ya hapo tazama uso wa jani au mrija kwa ukuzaji wa mara 400. Je, seli zimejipanga kwa mistari ya urefu au zimetawanyika? Dondosha tone la iodini ya Lugol: wanga unaozunguka pirenoidi (vipunje vya protini ndani ya kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli) hugeuka mweusi, na hapo unaweza kuhesabu pirenoidi katika kila seli. Ulva intestinalis na Ulva compressa kwa kawaida zina moja, Ulva clathrata ina mbili au zaidi. Ulva prolifera ina matawi na seli zake huelekea kufuata mistari. Ulva intestinalis kwa kawaida haina matawi na seli zake hazina mpangilio. Ulva rigida ina vimeno vidogo kwenye ukingo, ambavyo huonekana kwa hadubini tu. Hesabu na upime seli zisizopungua 20 katika kila sehemu, kwa rula ya hadubini iliyosahihishwa kwa kipimo cha slaidi. Seli tatu hazimwambii mtu chochote. Epuka ukingo uliopauka au kugeuka rangi, kwa kuwa hapo seli zinatengeneza mbegu za uzazi au zimekwisha kuzimwaga.

Hata ukiyafanya haya yote kwa uangalifu, Ulva inaweza kukushinda. Ulva intestinalis huota matawi ikipigwa na mabadiliko makubwa ya chumvi, na hapo hufanana na Ulva compressa. Ulva compressa yenyewe huwa mrija mahali fulani na jani mahali pengine. Umbo hilo hata si kazi ya mwani peke yake. Ulva ikioteshwa maabara bila bakteria wake hupoteza umbo na kuwa rundo la seli lisilo na mpangilio, na mwaka 2005 ilitambuliwa kemikali ya bakteria iitwayo thalusini inayorejesha umbo la mwani wa jamii hii. Kiumbe kinachotegemea bakteria ili kiwe na umbo lake hakiwezi kupewa jina kwa umbo tu.

Mwani wa nyuzi ni mwepesi zaidi, angalau kufikia jenasi. Uzi usio na matawi, wenye seli nene kiasi cha kuonekana kwa kioo cha mkononi, ni Chaetomorpha. Wenye matawi ni Cladophora. Ulio mwembamba sana na wenye vijitawi vifupi vya kujishikiza hapa na pale ni Rhizoclonium. Angalizo ni moja: chipukizi la Ulva nalo huanza kama uzi wa mstari mmoja wa seli.

Caulerpa, Codium na Halimeda

Mwani huu hauna kuta za kuugawa katika seli nyingi. Caulerpa nzima, kuanzia mzizi-bandia, shina linalotambaa hadi matawi yaliyosimama, ni seli moja yenye viini vingi. Kukata kwa ajili ya kuhesabu matabaka hakuna maana hapa, na kwa Caulerpa kinachotazamwa ni vijani, yaani vijitawi vidogo vilivyo kwenye matawi yaliyosimama.

Caulerpa taxifolia ina vijani bapa vilivyokabiliana, vyembamba pale vinapoungana na mhimili, vilivyopinda kuelekea juu kama mundu. Vya Caulerpa mexicana ni bapa pia ila vipana zaidi, umbo lake ni la yai na mara nyingi hulaliana. Vya Caulerpa sertularioides ni vya mviringo kama sindano, na ukivizungusha chini ya kioo cha mkononi utaona tofauti hiyo mara moja. Kundi la Caulerpa racemosa ni gumu zaidi, kwa sababu vishada vya vitufe vinaweza kubapa na kuwa visahani mwanga ukipungua. Caulerpa cylindracea, iliyohesabiwa miaka mingi kama namna ya racemosa, ilirudishiwa hadhi ya spishi mwaka 2014.

Tofauti hizi zina uzito wake. Caulerpa taxifolia ilionekana Monaco mwaka 1984 na kuenea katika Mediterania. Mwaka 2000 ikagunduliwa California, ikafunikwa kwa maturubai na kuuliwa kwa klorini, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Sheria ya California ya mwaka 2001 ilipiga marufuku spishi tisa, zikiwemo zinazofanana nayo, ili mtu asiiuze kwa jina la nyingine. Kipande cha sentimita moja kinaweza kuota upya, kwa hiyo mabaki ya sampuli yasirudishwe baharini wala kumwagwa kwenye mfereji.

Kwa Codium, chana kipande kidogo kwa sindano mbili juu ya slaidi na utazame vifuko vilivyopangana kwenye uso wake. Vifuko vya Codium fragile vina ncha kali, vya Codium tomentosum vina vichwa vya mviringo. Tazama vifuko 20 au zaidi kutoka katikati ya tawi, maana urefu wa ncha hutofautiana hata ndani ya tawi moja.

Kazi ya Halimeda huanza kwa kuondoa chokaa: loweka kipande kwenye siki hadi viputo viishe, kisha kisuuze. Ukikiweka chini ya hadubini bila kufanya hivyo hutaona kitu. Spishi nyingine hujitambulisha zikiwa bado baharini. Halimeda macroloba husimama mchangani juu ya kitako kikubwa kama kitunguu, Halimeda opuntia husambaa bila kitako kimoja. Halimeda discoidea na Halimeda tuna ndizo zinazochanganywa. Tazama vifuko vya tabaka la pili chini ya uso: vya discoidea vimevimba na ni vikubwa mno.

DNA na mipaka yake

Kwa mwani wa kijani wa baharini, jeni ya tufA iliyo kwenye kloroplasti ndiyo hutumika sana kama kitambulisho, pamoja na rbcL, jeni nyingine ya kloroplasti. Kwa Cladophora na jamaa zake tufA kwa kawaida haisomeki, na hapo hutumika jeni za ribosomu. Bakteria nao wana tufA, kwa hiyo kipande kichafu kinaweza kukurudishia jibu la bakteria.

Kosa baya zaidi huja baada ya kusoma mfuatano wa herufi za DNA. Mtu huulinganisha na hifadhidata ya umma, anapata mfanano wa asilimia 100, na kunakili jina analolikuta. Jina hilo liliandikwa na aliyepeleka mfuatano, na huenda naye alibahatisha. Linganisha na mifuatano kadhaa, na itangulize ile iliyosomwa kutoka kwenye kielelezo cha msingi cha spishi, yaani kile ambacho jina lake limefungwa kwacho.

Jina linafungwa wapi

Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja cha msingi kilichohifadhiwa. Maelezo na picha hufuata nyuma yake. Mfano mzuri ni Ulva lactuca, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. DNA ya kielelezo chake, kilichohifadhiwa London, ilichapishwa mwaka 2019. Ikaonekana ni ya spishi ya maji ya joto ambayo Delile, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, aliiita Ulva fasciata mwaka 1813. Kwa kuwa jina la zamani hutangulia, spishi hiyo ya maji ya joto ndiyo Ulva lactuca, na ile ya bahari baridi za kaskazini iliyoitwa hivyo kwa vizazi vingi ni Ulva fenestrata. Orodha ya kabla ya mwaka 2019 yenye jina Ulva lactuca isomwe basi kwa kuangalia ilitoka bahari gani.

Vivyo hivyo kwa Enteromorpha. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aitwaye Link aliiunda jenasi hiyo mwaka 1820 kwa ajili ya mwani wa mirija, na mwaka 2003 ikarudishwa ndani ya Ulva baada ya DNA kuonyesha kuwa mirija na majani vimechanganyika katika ukoo mmoja. Ukikuta Enteromorpha intestinalis kwenye maandishi ya zamani, ni Ulva intestinalis. Majina ya sasa na yale yaliyoachwa hukaguliwa kwenye AlgaeBase, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 1996.

Unapofika kwenye lebo, jenasi huanza kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo. Ukiwa na uhakika wa jenasi tu, andika Ulva sp. (spishi haijajulikana). Alama zikielekea kwenye spishi fulani bila kuithibitisha, tumia cf. (linganisha na), kisha taja ulichokiona: Ulva cf. compressa, mrija wenye matawi kitakoni, seli zisizo na mpangilio, pirenoidi 1, DNA haijasomwa, kipande kipo kwenye silika, namba ileile ya kielelezo kilichokaushwa.