Cheti cha Mkandarasi ni cha Nani?

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alikuja ofisini kwangu Ngara akiwa amekumbatia bahasha ya plani. Alitaka kujenga nyumba za kupangisha kwenye ploti yake kule Ruai. Mimi ni mkadiriaji majenzi, kwa hiyo nilikaa na michoro ile siku kadhaa nikihesabu mawe, simiti na vyuma, na jumla ikafika shilingi milioni 38. Nilipompigia simu akafurahi. "Basi tuanze, mwanangu. Mkandarasi nimeshapata, na ana NCA."

Neno hilo, "ana NCA", yaani amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya Kenya, nalisikia kila wiki, na ndilo linaloniogopesha kuliko bei ya simiti.

Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ukandarasi kabla ya kusajiliwa. Lakini usajili una madaraja manane. NCA 8 ndiyo ya chini, na kwa majengo mwenye daraja hilo haruhusiwi kazi inayozidi shilingi milioni 10. NCA 7 inafika milioni 20, NCA 6 milioni 50, NCA 5 milioni 100, hivyo hivyo hadi NCA 1 isiyo na kikomo. Halafu kuna aina ya kazi. Aliyesajiliwa kwa barabara hajasajiliwa kwa majengo, na fundi wa stima anahitaji pia leseni yake kutoka EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, hata kama mkandarasi mkuu ana makaratasi yote.

Kazi ya Mwalimu ilihitaji angalau NCA 6. Nikamwomba aniletee cheti cha huyo mtu wake. Akaleta nakala nzuri kabisa ya NCA 5. Nikasoma jina la kampuni, nikasoma jina kwenye rasimu ya mkataba. Majina mawili tofauti.

"Mwalimu, hii kampuni ni yake?"

"Aliniambia ni ya rafiki yake, wanafanya kazi pamoja."

Huku ndiko kukodi cheti. Mwenye kampuni anapewa kitu kidogo, cheti chake kinatumika kusajilia mradi, na yeye hakanyagi saiti hata siku moja. Mamlaka ilipompa daraja lile iliangalia kama kampuni yake ina mkurugenzi aliyesomea ujenzi, imeshafanya kazi gani, ina mashine na uwezo gani wa pesa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosafiri pamoja na nakala. Anayemimina slabu ni mtu ambaye hakuna aliyempima, na slabu ikipasuka, kampuni ya kwenye cheti itasema haikuwahi kuwa na mkataba na wewe. Nayo itakuwa inasema kweli.

Nilipokataa, yule bwana alikuja mwenyewe. Alikuwa mwashi hodari, na nasema hivyo kwa heshima, nimeona kuta zake. Akafunua kwamba ana NCA 8 ya kwake, halali. Pendekezo lake lilikuwa tuigawe kazi: msingi mkataba wake, kila ghorofa mkataba wake, kila mmoja chini ya milioni 10. Nimeshaona ujanja huu mara nyingi. Jengo ni moja na uzito wake ni mmoja. Msingi haujui kwamba ghorofa ya tatu imeandikwa kwenye karatasi nyingine.

Sisi wa Nairobi hatuhitaji kukumbushwa yaliyotokea mtaa wa Huruma. Jengo la ghorofa sita liliporomoka usiku wa Aprili 29, 2016, likaua watu zaidi ya 45, na maafisa walisema halikuwa na idhini.

Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, ingia kwenye tovuti ya Mamlaka utafute jina la kampuni wewe mwenyewe, usitegemee nakala uliyoletewa. Jina hilo ndilo liwe kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki unayolipa. Linganisha daraja na jumla ya kazi yote. Angalia leseni ya mwaka huu, kwa maana cheti cha usajili hukaa, lakini leseni huhuishwa kila mwaka. Kisha mradi wenyewe usajiliwe kabla ya jembe la kwanza, na kibao kisimame saiti na majina ya msanifu, injinia na mkandarasi. Pigia kila mmoja wao simu umuulize kama anaijua ploti yako.

Mwalimu alipata kampuni ya NCA 6 baada ya miezi miwili, kwa bei iliyozidi kidogo. Yule mwashi ameajiriwa humo humo kama msimamizi wa mawe. Juzi nilimkuta akibomoa safu tatu zilizokuwa zimepinda, injinia amesimama kando yake na pima maji mkononi.