Je, wajua kwamba katika majimbo mengi ya Marekani jaji huweza kuondolewa kwa kura?

Novemba 1986, wapiga kura wa California waliulizwa swali la ndiyo au hapana: Rose Bird aendelee kuwa Jaji Mkuu wa jimbo lao? Takriban theluthi mbili walisema hapana. Siku hiyohiyo majaji wengine wawili wa mahakama yake, Cruz Reynoso na Joseph Grodin, nao wakaangushwa. Hawakuondolewa kwa wizi wala rushwa. Kilichowaponza ni hukumu walizotoa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni geni. Kenya, kwa mfano, jaji hukaa hadi afikishe miaka 70, na kumng'oa kabla ya hapo kunahitaji jopo maalumu lichunguze mwenendo wake. Hata Marekani yenyewe, majaji wa shirikisho huteuliwa na Rais na hukaa maisha. Lakini kila jimbo lina mahakama zake, na idadi kubwa mno ya kesi za nchi ile husikilizwa humo: mauaji, talaka, mirathi, mashamba, mikataba. Katika tafsiri ya sheria za jimbo, Mahakama ya Juu ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho. Na katika majimbo 38 kati ya 50, majaji wa mahakama hiyo lazima wakutane na mpiga kura kwa njia moja au nyingine.

Kwa nini ikawa hivyo? Mississippi ilianza mwaka 1832 kuwachagua majaji wake wote, New York ikafuata mwaka 1846, kisha majimbo mengi yakaiga. Hoja ya wakati ule inafaa kuheshimiwa: watu walichoka kuona ujaji ukigawiwa marafiki wa magavana na wabunge. Waliamini kwamba jaji aliyepewa kazi na wananchi atakuwa na ujasiri wa kumkatalia gavana. Kura ililetwa ili kumweka jaji huru.

Baadaye ikaonekana kwamba vyama vya siasa vimeshika nafasi ya gavana katika kugawa ujaji. Ndipo Missouri, mwaka 1940, ikabuni njia ya kati: tume inachuja majina, gavana anateua mmoja, na baada ya muda wananchi wanaulizwa tu kama abaki au aende. Texas bado majaji hugombea kwa tiketi ya chama, kwa vipindi vya miaka 6. Rhode Island peke yake ndiyo humwacha jaji akae maisha bila kikomo cha umri.

Turudi kwa Bird. Alikuwa wakili wa kuwatetea washtakiwa wasio na fedha, kisha akawa mmoja wa mawaziri wa Gavana Jerry Brown. Brown alipomteua mwaka 1977, hakuwa amewahi kuwa jaji hata siku moja, na alikuwa mwanamke wa kwanza katika mahakama ile. Mwaka uliofuata alipita kwa taabu, kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Kisha zikaja kesi za adhabu ya kifo: zaidi ya 60 zilifika mbele yake, na katika zote alipiga kura ya kuitengua. Wapinzani wakaweka ndugu za waliouawa kwenye matangazo ya televisheni. Jaji angejibu nini pale? Maelezo yake yamo katika kurasa za hukumu, na maadili ya kazi hayamruhusu kubishana barabarani juu ya kesi. Mtu anaweza kupinga msimamo wake (wengi waliupinga kwa dhati), lakini sioni haki katika shindano ambalo upande mmoja umefungwa mdomo.

Fedha nazo zina kishindo chake. Mwaka 2004 huko West Virginia, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin kushinda kiti, huku kampuni ikijiandaa kukata rufaa dhidi ya hukumu ya dola milioni 50. Benjamin alishinda, akakataa kujitoa kwenye kesi, na Massey ikashinda kwa kura 3 dhidi ya 2, yake ikiwamo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kukaa pembeni. Fedha hazikupungua: uchaguzi wa kiti kimoja cha Wisconsin mwaka 2025, alioshinda Susan Crawford, uligharimu zaidi ya dola milioni 100.

Iowa ilipita njia nyingine. Mwaka 2009 majaji wake wote 7 walikubaliana kwamba sheria iliyozuia ndoa za jinsia moja inakiuka katiba ya jimbo. Mwaka uliofuata watatu walipofikiwa na zamu ya kupigiwa kura, hawakuchangisha fedha wala kufanya kampeni, na wote watatu wakaondolewa. Mmoja wao alikuwa Jaji Mkuu, Marsha Ternus. Wenzao watatu wa mwisho waliotia saini hukumu ileile walifikiwa na zamu mwaka 2016, na wapiga kura wa Iowa wakawabakisha.